Simu Iliyosema Zita Ameshinda Amekaa

Careen alirudi kijijini Mpepai, huko Mbinga, akiwa mtu mzima, kompyuta mgongoni, na mama yake hakujua ampokee kama mtoto au kama mgeni. Akachinja kuku, maana kuku anawafaa wote wawili. Akatandika kitanda cha chumba cha mbele kwa shuka ambalo lilikuwa halijawahi kulaliwa, kisha akaenda jikoni kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri bila yeye.

Mama huyo aliitwa Zita. Alikuwa ameishi peke yake kwenye mteremko wa kijiji kile muda mrefu, juu ya kipande alichopewa na marehemu baba yake aliporudishwa nyumbani. Alikuwa ameolewa na Mansuetus, mnunuzi wa kahawa, mtu wa maneno matamu kwa watu wa nje. Mansuetus alipopata mwanamke mwingine huko Songea hakusema kwamba amepata mwanamke. Wanaume wa namna yake hawasemi hivyo. Aliitisha kikao cha ndugu, wakala, wakanywa, na walipokwisha kunawa akasimama akasema mke wake ni mvivu, anashinda amekaa, na nyumba haiwezi kujengwa na mtu wa kukaa. Chakula walichokuwa wamekila alikuwa amekipika Zita baada ya kutoka shamba. Hakuna aliyeinuka kumtetea. Hata Pankras, kaka yake Zita wa tumbo moja, ambaye kila msimu alikuwa akipelekewa maharage ya shamba lile lile, alitazama chini akawa anachokoa meno.

Careen wakati huo alikuwa mtoto anayeng'oka meno ya mbele. Akachukuliwa, akapelekwa Songea kwa baba yake na mama wa kambo. Baadaye alikuwa akiletwa siku za Krismasi kumsalimia mama, amevaa viatu na soksi, anasimama mlangoni kama aliyetumwa kuazima kitu. Halafu anarudishwa.

Zita hakudai shamba la mume wala nyumba. Alitaka jambo moja, na hilo hakumwambia mtu: mwanawe asije akaamini kwamba mama yake alikuwa mvivu. Hakuwahi kumuuliza ameambiwa nini huko Songea. Aliogopa jibu, na kadiri mtoto alivyokua ndivyo swali lilivyozidi kuwa zito, mpaka likawa kama gunia ambalo mtu mmoja hawezi tena kulinyanyua.

Sasa mtoto mwenyewe alikuwa amekuja kukaa, si kusalimia. Alisema kazi yake inamruhusu kuishi popote penye mtandao, naye angependa kuishi kwa mama yake kwa muda. Kwa nini, hakusema. Zita naye hakuuliza.

Kazi hiyo ilichukua siku nyingi kueleweka. Careen alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta, ameajiriwa na kampuni moja ya Dar es Salaam ambako wenzake wengine wako nchi za mbali. Mtandao ulikuwa unashika vizuri sehemu moja tu, karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, kwa hiyo alibeba kiti akakaa pale na vitu vyake masikioni, akizungumza Kiingereza na watu wasioonekana huku kuku wakipita chini ya miguu. Kunigunda, jirani na rafiki wa Zita, ambaye hana breki mdomoni, aliuliza kama mtoto ameletwa nyumbani kwa ajili ya maombi.

Jioni kazi ya kampuni ilipokwisha, Careen hakufunga kompyuta. Ndipo alipoanza kazi zake mwenyewe. Alikuwa na tovuti mbili alizozijenga bila kutumwa na mtu na bila kulipwa na mtu, na ukimuuliza habari zake uso wake ulibadilika kama wa mwanamke anayeulizwa habari za mapacha wake.

Ya kwanza aliiita Nyanyuka. Ilikuwa ya mazoezi. Aliianza Dar, alipokuwa anakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka mgongo ukamkatalia, daktari akamwambia asipoanza kutembea atazeeka kabla ya wakati. Mtu anaifungua kwenye simu, anajifunga simu kiunoni au anaiweka mfukoni, nayo inajua anavyotembea, anavyokaa, inamkumbusha ainuke. Na kwa kuwa wapo wasiojua kusoma au wasio na nafasi ya kusoma, Careen alirekodi sauti yake mwenyewe. Simu ikawa inasema na mtu kama ndugu.

Ya pili aliiita Kapu. Hiyo ilikuwa ya utafiti. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuajiriwa na watafiti kuzunguka vijijini Mbinga, kwenye kata za Ruanda na Mbuji, akiwauliza wazee habari za kilimo. Mzee mmoja akakutana naye sokoni msimu uliofuata, akamuuliza yale maneno yake yalifika wapi. Careen akaijenga Kapu ili mtu akitoa maelezo kwa mtafiti, sauti yake imrudie kwenye simu yake mwenyewe, aisikilize, aseme ibaki au iondolewe. Watafiti wachache wa vyuo walikuwa wameanza kuitumia. Careen alitaka wawe wengi.

Zita alisikiliza maelezo hayo yote huku anachambua maharage. Hakuelewa kila kitu, lakini alielewa kwamba binti yake ana moyo wa kuhangaikia watu asiowajua, na hilo lilimfurahisha sana, akageuza uso asionekane. Careen alipomletea simu mpya iliyokwisha kuwekewa Nyanyuka, akamwomba ajifunge nayo awe wa kwanza kijijini kuijaribu, Zita aliipokea kwa mikono miwili. Akaifunga kwenye pindo la kanga, upande wa kiunoni, pale wanawake wanapofunga vitu wasivyotaka vipotee. Alitembea nayo kwenda kanisani, mtoni na kwenye jumuiya. Kila simu ilipomwambia kwa sauti ya mwanawe, "Vizuri mama, umetembea," alikuwa akijibu, "Ahsante mwanangu," hata kama kuna watu.

Ikafika Machi, msimu wa kulima ngolo.

Wanawake wa milima ile wanalijua jambo hili tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Nyasi zikishalazwa mteremkoni kwa mistari inayokatizana, zinabaki kama vyumba vyumba. Mwanamke anasimama ndani ya chumba kimoja, anachimba udongo wa katikati, anaufukia juu ya nyasi upande huu, anageuka, anaufukia upande ule, mpaka amezungukwa na matuta na yeye yumo shimoni. Ndipo anahamia chumba kinachofuata. Mvua ikija, maji yanatulia kwenye mashimo, udongo hauendi bondeni, na maharage yanaota juu ya matuta. Ukisimama mlima wa pili unaona mteremko mzima kama sega la nyuki. Ni kazi ya mgongo, mabega na kiuno. Miguu yenyewe inabaki palepale.

Walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku ya shamba la Zita, wanawake walifika umande haujakauka, wakachimba mpaka jua likawa juu ya vichwa. Careen, aliyekuwa amemaliza kikao chake cha kampuni, aliwaletea ugali na togwa. Walikaa kwenye kivuli cha mgomba, wengine wamelala chali, wanataniana. Kunigunda alikuwa anamsimulia mtu habari za mkwe wake anayekoroma.

Simu ikasema kiunoni mwa Zita. Ilisema kwa sauti ya Careen, safi, ya upole, kila mtu akaisikia: "Leo umeshinda umekaa, mama. Hebu inuka, utembee kidogo."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja alimwagikiwa na togwa. Kunigunda akasema hiyo simu ipelekwe kwa mkwe wake, ndiye anayeihitaji. Na Careen, akiwa amesimama na sufuria mkononi, alicheka pamoja nao.

"Simu haidanganyi, mama," alisema. "Leo imekushika."

Zita hakucheka. Alifungua pindo la kanga, akaitoa simu, akaiweka juu ya kikapu cha vyombo. Akachukua jembe, akarudi kwenye shimo lake kabla ya wenzake, akawa anachimba bila kuinua kichwa. Wanawake walidhani anaharakisha kazi kabla ya mvua.

Tangu siku ile alizungumza na mwanawe mambo ya lazima tu. Maji ya kuoga yako tayari. Chumvi imekwisha. Hakugomba wala hakununa, na chakula alipika kama kawaida, hata akawa anamchagulia Careen kipande kizuri. Lakini simu ilibaki juu ya kabati, na Careen alipomkumbusha aifunge, alimwambia itapata udongo.

Careen hakuelewa. Alikuwa mwerevu kwa mambo mengi, lakini alikuwa amelelewa na mtu aliyemfundisha kwamba mtu akinyamaza maana yake hana la kusema. Mwishowe alimfuata Kunigunda kisimani.

"Mama mdogo, mama amekasirika na mimi?"

Kunigunda alitua ndoo. Safari hii hakutania. Alimsimulia kikao kile tangu mwanzo, maana alikuwepo, alikuwa amekwenda kusaidia kuosha vyombo, na vikao vya namna ile waosha vyombo husikia kuliko waalikwa. Alimwambia nani alikaa wapi, nani alitazama chini, na maneno ambayo Mansuetus aliyasema, neno kwa neno.

Careen aliyasikia akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Haikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia. Ni maneno yale yale aliyoambiwa Songea, mezani, kila alipouliza kwa nini mama haishi nao. Alikuwa ameyasikia mara nyingi hata hakukumbuka tena kwamba kuna mtu aliyeyasema. Yalikuwa kichwani mwake kama vile jina la mtaa waliokaa.

Basi mtu mwingine angekwenda nyumbani, akapiga goti, akaomba radhi. Careen hakwenda kupiga goti. Alikwenda kwenye kompyuta. Ndivyo alivyozoea: kitu kikivunjika, unatafuta kilipovunjika, unakitengeneza, na kikishafanya kazi mambo yamekwisha. Alikwisha kuona kosa liko wapi. Nyanyuka aliifundisha kumjua mtu wa mjini, ambaye asipotembea basi amekaa. Mtu anayesimama mahali pamoja akifanya kazi ya watu wawili haikumjua.

Aliomba likizo ya siku chache kwenye kampuni. Akaenda kwa Kunigunda na wanawake wengine, akawaomba wajifunge simu kiunoni na mkononi wanapolima, na wakimaliza waseme kwa midomo yao walichokuwa wanafanya, sauti ziingie kwenye Kapu pamoja na mitikisiko iliyonaswa na simu. Wakakubali, wengine kwa hamu, wengine kwa ajili ya kusikia sauti zao. Kunigunda alirekodi maelezo marefu, na katikati akaingiza habari za mkwe wake. Careen mwenyewe alishika jembe, akachimba shimo moja na nusu, akatoka malengelenge, akaendelea. Usiku alilala kifudifudi kwa maumivu, na Zita akamkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Mikono ya Zita ilijua kila mahali panapouma, maana ni pale pale panapomuuma yeye.

Simu ikajifunza. Careen aliijaribu kwa Kunigunda, kwa Beata wa mlima wa pili, na kwa mwili wake mwenyewe. Ikajua kuchimba, kutwanga, na kupalilia kahawa. Akarekodi sauti mpya. Ndipo akaileta kwa mama yake, uso unang'aa kama wa mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule, akamwomba ajifunge hata kwa muda mfupi tu. Zita alikuwa anatwanga mahindi. Hakutaka kumvunja moyo, akajifunga. Baada ya muda simu ikasema, "Mama, umefanya kazi kubwa. Hongera."

Zita alisimamisha mchi.

"Inasema hivyo kwa sababu umeiambia iseme," alisema. "Siku ile uliiambia iseme nimekaa, ikasema nimekaa. Leo umeiambia hivi, inasema hivi. Ni kitu kizuri, mwanangu, nawe umehangaika, nimeona. Lakini mimi sikuwa nasubiri kusikia simu."

Akafungua pindo, akamrudishia, akaendelea kutwanga. Careen alibaki amesimama na kile kitu chake kilichotengemaa mkononi. Alitaka kusema. Kusema kwamba amekosea kucheka ilikuwa rahisi. Kilichokuwa nyuma ya kicheko hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Akatoka nje akaenda kukaa kwenye vichanja.

Wiki iliyofuata Careen alikuwa ameahidi kwenda Mbamba Bay. Kulikuwa na kikundi cha wanawake wanaoanika usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa, na mtafiti mmoja aliyetumia Kapu alikuwa amemwelekeza kwao. Alitaka Nyanyuka ijifunze na kazi yao, na wao waijue Kapu. Hakumjua mtu hata mmoja kule. Alimwomba mama yake amsindikize. Zita alisema atakwenda, anataka usipa. Ukweli ni kwamba mama hawezi kumwacha mwanawe aende kwa watu asiowajua bila mtu wa kumsemea, hata kama wamekosana, hata kama mtoto huyo anaongea Kiingereza na dunia nzima.

Waliteremka asubuhi kwa barabara ya lami inayopinda pinda mpaka ziwa likajitokeza chini, jeupe, limejaa mpaka mwisho wa macho. Baridi ya Mbinga ilibaki nyuma. Zita alivua sweta akalikunja mapajani. Njiani hawakuzungumza sana, ila Careen alisinzia, kichwa kikaangukia bega la mama yake, na Zita hakujisogeza mpaka walipofika, ingawa bega lilikufa ganzi.

Wanawake walikuwa kwenye vichanja vyao karibu na maji, wanageuza usipa kwa viganja, wameinama, jua mgongoni, miguu mahali pamoja. Mkubwa wao aliitwa Otilia, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Careen alisalimia kwa shikamoo kwa kila mmoja, akaeleza kazi yake kwa Kiswahili, maana Kimatengo chake kilikuwa cha kuungaunga na wao walikuwa wanazungumza Kinyasa. Walimsikiliza huku mikono inafanya kazi. Alipomaliza, Otilia alijipangusa magamba mikononi.

"Watu wa kuuliza tunawajua," alisema. "Wanakuja na kofia, wanauliza tunakula nini, tunalala na nani, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe una adabu, umetusalimia. Lakini hilo kapu lako, wewe ndani yake umeweka nini?"

Careen alisema yeye ndiye aliyelitengeneza.

"Hilo nimesikia. Nauliza umeweka nini."

Hakuwa ameweka kitu. Hata siku moja halikuwa limemjia wazo hilo. Otilia akamweleza desturi yao: wakitaka kupika mboga ya pamoja pale ufukweni, yule aliyetoa wazo la chungu ndiye anayetia konzi ya kwanza ya usipa, na aitie ile anayoionea uchungu, si makombo. Wenzake wakiona, nao wanatia. Asipoanza yeye, chungu kinakaa kitupu na kila mtu anakwenda kula kwake.

"Kwa hiyo tangulia, binti," alisema Otilia. "Sisi tunasikiliza. Usipa hautakimbia."

Wanawake walicheka kidogo, wakasubiri. Zita alikuwa amesimama nyuma na kikapu chake cha usipa, akifikiri jinsi ya kumwokoa. Alikuwa anatafuta neno la utani la kuwatoa kwenye jambo hilo. Lakini Careen alikwisha kuibonyeza simu yake irekodi, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Naitwa Careen," alisema. "Yule pale ni mama yangu mzazi, anaitwa Zita, tunatoka Mpepai. Nimelelewa na baba. Nilipokuwa mtoto niliambiwa mama alirudishwa kwao kwa sababu alikuwa mvivu, anashinda amekaa. Nikaamini. Nimesoma mpaka chuo kikuu nikiwa naamini. Nikaja kuishi kwake, nikawa namwona anatoka kabla hakujapambazuka, na bado nikawa naamini, sijui nilikuwa naona kwa jicho gani. Halafu nikatengeneza kitu kikamwambia maneno yale yale mbele ya wenzake, kwa sauti yangu, na mimi nikacheka. Nilisema simu imekosea, nikaitengeneza. Simu haikukosea. Ilisema kilichokuwa kichwani mwangu. Mama hakuwahi kukaa. Aliyesema hivyo alisema uongo, na mimi nimeubeba uongo wake mpaka leo. Ndicho nilicho nacho cha kuweka."

Hakuna aliyegeuza usipa. Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja yanarudi. Zita alijikuta ameketi mchangani bila kujua ameketi saa ngapi, kikapu kimelala ubavu na usipa kidogo umemwagika. Miaka yote aliwaza kwamba siku akisikia maneno haya atapiga kigelegele, au atalia, au atamtumia Mansuetus salamu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliokota usipa uliomwagika, mmoja mmoja, akaupuliza mchanga, akaurudisha.

"Haya," alisema Otilia kwa sauti ya chini. "Hiyo ni konzi."

Careen alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. Akamwambia kwamba kwa taratibu za Kapu maneno yanayomhusu mtu mwingine hayawezi kubaki mpaka mtu huyo akubali. Akamwonyesha mahali pa kubonyeza yabaki na mahali pa kubonyeza yaondoke.

"Yafute," alisema Zita.

Careen alimtazama. Alidhani amekataliwa.

"Nimeshayasikia," alisema Zita. "Na hawa wameyasikia. Siwezi kumweka mwanangu kwenye kapu, watu wawe wanapita wanamsikiliza anavyojisema vibaya. Yafute. Utaweka mengine."

Careen alibonyeza. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye magoti ya mama yake, akakaa hivyo, mgongo unapanda na kushuka. Wanawake walirudi kwenye usipa wao, wakaanza kuzungumza kwa makusudi mambo mengine, bei ya chumvi na bomba la maji lililopasuka, ili wawaache wawili hao peke yao palepale katikati yao. Baada ya muda mmoja alisema afungwe yeye simu kwanza. Mwingine akadai yeye ndiye mwenye kiuno kizuri zaidi. Otilia akawagombeza, akajifunga mwenyewe, akarudi kwenye kichanja akitembea kwa madaha kama bibi harusi, na maelezo aliyoyatoa yalikuwa marefu kuliko ya Kunigunda.

Careen alifanya kazi yake mpaka jua likaanza kulegea. Alikwenda toka kichanja hadi kichanja, akiuliza, akirekodi, akimsikilizisha kila mtu sauti yake. Bibi mmoja alisema hiyo si sauti yake, ni ya dada yake marehemu, akaomba arudiwe kuisikia tena. Zita hakukaa kumngoja. Aliingia kwenye vichanja na wenyeji, wakamwonyesha namna ya kugeuza usipa bila kuuvunja, akawaeleza nao habari za ngolo. Kiuno chake, bila simu, kilikuwa chepesi.

Waliambiwa gari la kurudi Mbinga litachelewa. Zita aliketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, Careen akaja kusimama pembeni yake. Kulikuwa na mambo mengi ambayo Zita sasa angeweza kuuliza, yamejipanga tangu zamani, kila moja linataka liwe la kwanza. Nani alikuwa anakaa naye akiugua. Alikuwa analala na taa au gizani. Kama kuna siku alimwota. Lililotoka lilikuwa hili:

"Kule Songea, nani alikuwa anakusuka nywele?"

Careen alifikiri. Alisema hakuna. Mama wa kambo alikuwa anasema nywele zinapoteza muda, kwa hiyo alikuwa ananyolewa na fundi wa baba, kwenye kiti kile kile alichonyolewa baba. Alipokuwa mkubwa akazoea kuzikata fupi mwenyewe. Sasa alikuwa ameziacha zikue tangu alipokuja Mpepai, hakujua azifanyeje, alikuwa anazifunga tu na kitambaa.

Zita alisogea nyuma kidogo juu ya mtumbwi, akapanua magoti.

"Kaa hapo chini."

Careen alikuwa mtu mzima mwenye miguu mirefu. Ilimbidi aikunje mara mbili ili aenee. Zita alimfungua kitambaa, akaingiza vidole kwenye nywele zile, akazitawanya taratibu, akazigawa kwa ukucha. Zilikuwa laini kuliko alivyodhani, zinanuka usipa. Aligeuka kutazama kama kuna mtu wa kumwazima kitana. Otilia alikwisha kumwona. Alichomoa cha kwake kichwani, akakirusha kutoka kichanjani, na Zita akakidaka, akaanza kutoka kisogoni.